Kichwa Alichoazimwa Cleophus Mabry

Lucius Tarver alikuwa mwana wa Shemasi Ezra Tarver, na Ezra mwana wa Isom, na Isom ndiye aliyezaliwa mtumwa katika shamba la pamba la watu wengine, akafa bwana wa ekari themanini zake mwenyewe. Katika wilaya ile yote ya Alabama hapakuwa na Tarver aliyesimama mbele ya hakimu kwa kosa lake, wala Tarver aliyenyimwa meza ya Bwana. Mtu akitaka kununua nyumbu wa kulimia, aliuliza kwanza akina Tarver wanasemaje juu ya nyumbu huyo, na wakisema, neno lao lilitosha. Ezra alipompeleka mwanawe Chuo cha Mount Horeb, mwaka wa 1955, alimshusha langoni, akamkabidhi sanduku lake, akamwambia maneno machache, maana hakuwa mtu wa maneno:

"Jina si lako. Umepewa ulibebe tu. Usilidondoshe."

Lucius akalibeba. Alilibeba darasani na kanisani, na zaidi ya kote alilibeba uwanjani, kwa kuwa Mungu alimjalia kifua kipana, na mchezo wa kule ni mpira wa mabavu, ule wa kofia ngumu, ambao mmoja hukimbia na mpira kwapani na wenzake humfyekea njia kwa miili yao. Lucius alikuwa mfyekaji. Aliyekimbia nyuma yake alikuwa Cleophus Mabry, mwana wa pekee wa mjane Ola Mae Mabry, mpishi wa shule ya watoto. Cleophus alikuwa mwembamba, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa ulimi.

"Lucius," alikuwa akisema kabla ya kila pambano, "leo fagia vizuri. Jumamosi uliniachia makombo mpaka nikajikwaa."

"Ungekuwa na macho usingejikwaa."

"Macho ninayo, bwana mkubwa. Nyuma ya mgongo wako jua halifiki."

Walipendana kama ndugu wa titi moja. Lucius alipochaguliwa nahodha, Cleophus ndiye aliyembeba mabegani kuzunguka ukumbi wa chakula, ingawa uzito wa Lucius ulimzidi kwa mbali, na wote wawili wakaangukia sufuria ya mboga.

Pale Horeb palikuwa na desturi ambayo wazee wa chuo hawakuijua. Mchezaji akipigwa kichwani mpaka akayumba, daktari alimketisha kwenye benchi na kumuuliza maswali matatu: leo ni siku gani, tunacheza na nani, na nani anaongoza. Akijibu yote, anarudi uwanjani. Akikosa moja, amekwisha kwa siku hiyo. Basi vijana walijifunza kujipanga. Mmoja alipiga magoti nyuma ya aliyeumia, akijifanya anamkaza mikanda ya mabega, huku akimnong'oneza majibu sikioni. Desturi hiyo waliiita kuazimana vichwa. Hawakuona ni udanganyifu. Waliona ni undugu: mwenzako kichwa chake kimezima kidogo, basi mpe chako avuke nacho. Aliyekataa kuazima aliitwa mchoyo.

Siku ya Shukrani ya mwaka wa 1958, ile sikukuu ya Alhamisi ya mwishoni mwa Novemba ambayo kila nyumba huoka bata mzinga, walicheza na Chuo cha Pettigrew, kama walivyocheza kila Siku ya Shukrani tangu babu zao. Katika mji ule bata mzinga hukaa tanurini mpaka pambano liishe, na anayeshindwa hula bata aliyekauka. Robo ya mwisho Pettigrew walikuwa mbele kwa alama moja. Cleophus alipigwa na watu wawili kwa mpigo mmoja. Kofia yake iligonga ardhi kwa mlio ambao Lucius aliusikia akiwa hatua kumi mbali. Aliinuka akielekea benchi la Pettigrew. Wakamgeuza, wakamleta kwa daktari.

Lucius ndiye aliyepiga magoti nyuma yake.

"Leo ni siku gani, kijana?"

"Alhamisi," Lucius alinong'ona.

"Alhamisi," Cleophus akasema.

"Tunacheza na nani?"

"Pettigrew."

"Pettigrew."

"Nani anaongoza?"

"Wao, kwa moja."

"Wao. Kwa moja."

Daktari alimpiga begani, akamwachia. Wakaondoka wawili kwa mwendo wa kukimbia, bendi ikipiga, watu wakisimama. Walipofika katikati, Cleophus alimshika Lucius mkono. Uso wake ulikuwa mpole, kama wa mtu aliyeamshwa ugenini na hataki kuwasumbua wenyeji.

"Lucius," alisema, "tunacheza na nani leo?"

Hapo ndipo Lucius alipojua. Hakudhani, alijua, kama unavyojua kwamba chungu kimepasuka hata kabla ya maji kuvuja. Angeweza kuinua mkono. Hatua ishirini zilimtenganisha na daktari. Lakini alikuwa nahodha, alikuwa Tarver, na baba yake alikuwa ameketi safu ya tatu katika suti yake nyeusi ya Jumapili.

"Pettigrew, mjinga wewe," alisema huku akicheka. "Shika nyuma yangu."

Cleophus alishika nyuma yake. Mara ya tatu alipopewa mpira, Lucius alimfyekea njia pana kama barabara ya kanisani, naye akavuka mstari wa mwisho akiwa peke yake, hakuna aliyemgusa, akalala kifudifudi juu ya mpira. Horeb ilishinda. Cleophus hakuinuka. Alifariki Jumamosi alfajiri katika hospitali ya kaunti. Mahubiri ya mazishi yalisema Bwana humchukua mshindi akiwa na taji lake kichwani, na mama yake alikaa kiti cha mbele, akiwa ameushika mkono wa Lucius, maana alisema mkono huo ulikuwa wa mwisho kumfanyia mwanawe wema.

Lucius hakusema neno. Alijiambia atasema baada ya mazishi. Kisha alijiambia atasema mjane akipata nafuu.

Akamaliza masomo, akafundisha historia katika shule mbili, na mwaka wa 1967 Horeb wakamwita awe kocha. Pambano lake la kwanza alisimama pembeni mwa uwanja na karatasi yake ya mipango, akageuka kuwahesabu wachezaji wa akiba. Mwisho wa benchi aliketi Cleophus Mabry, jezi namba ishirini na mbili, soksi zimelowa tope, kofia magotini. Lilikuwa jua la saa nane mchana. Aliketi kwa adabu, akingoja nafasi ya kuuliza.

"Lucius, tunacheza na nani leo?"

Kocha aliwatazama wengine. Hakuna aliyegeuka. Basi akasema chini kwa chini jina la chuo walichocheza nacho, na Cleophus akainamisha kichwa kwa shukrani. Dakika tano baadaye aliuliza tena.

Ikawa hivyo kwa miaka ishirini na saba. Kocha Tarver alishinda mapambano mia moja na tisini. Nywele zake zilianza mvi, zikawa nyeupe; alimzika baba yake, aliwaoza binti zake wawili, magoti yake yakaanza kulia kama mlango wa ghala; na yule mwisho wa benchi alibaki na miaka ishirini na moja. Wachezaji walizoea kumwona kocha wao akinong'ona peke yake. Walisema anaomba. Sifa yake ikapanda, maana kocha anayeomba wakati wa pambano hupendwa na wachungaji. Mkewe, Verlene, hakudanganyika. Aliwahi kumuuliza, akiwa anapiga pasi shati lake, "Huyo unayemjibu, ni nani?" Alisema anajikumbusha mipango. Verlene aligeuza kola, akaendelea kupiga pasi.

Na kila Siku ya Shukrani, tangu Cleophus azikwe, Mama Mabry alimletea pai ya viazi vitamu katika sahani ya bati, akaketi mbele yake mpaka aimalize. "Cleo alikuwa anakula nusu nzima," alisema kila mwaka. Lucius alikula mpaka ukoko.

Mwaka wa 1994 alitangaza kwamba anastaafu. Mkuu wa chuo, Dokta Fontaine, aliamua kwamba uwanja upewe jina la Tarver, na kwamba Siku ya Shukrani, wakati wa mapumziko, Mama Mabry aletwe katikati ya uwanja kumkabidhi kocha jezi ya mwanawe. Mabango yakachapishwa. Lucius aliyaona na kusema asante.

Jumanne ya wiki hiyo walikuwa mazoezini. Mkimbiaji wa mwaka huo aliitwa Demond Ruffin, kijana wa mji wa Mobile, na rafiki yake aliyemfyekea njia aliitwa Alonzo Pickens, mnene, mcheshi.

"Ruffin," Pickens alikuwa akimwita, "mbona unakimbia kama bata mzinga aliyesoma kalenda?"

"Afadhali bata. Wewe unakimbia kama tanuri lenyewe."

Zamu iliyofuata Ruffin aligongwa kichwani, akaketi chini pale pale kama mtoto. Mwuguzi wa timu, Bibi Sledge, alimleta benchi na kuanza kumuuliza maswali. Kocha alisimama mbali kidogo. Aliona Pickens akizunguka nyuma ya rafiki yake, akipiga magoti, akishika mikanda ya mabega. Aliiona midomo yake ikitembea.

Kocha Tarver alikunja karatasi yake ya mipango. Alisubiri mpaka mwuguzi akaondoka, kisha akawaita wote wawili.

"Pickens, ulikuwa unamwambia nini?"

"Namtia moyo tu, Kocha."

"Nitakuuliza mara moja nyingine, na nitakutazama."

Pickens alimtazama Ruffin, Ruffin akatazama viatu. "Majibu, Kocha. Namwazima kichwa. Si vibaya, ni desturi ya hapa. Wewe mwenyewe ndiwe uliyemwazima Mabry, mkawashinda Pettigrew. Kila anayevaa jezi hii anaijua hadithi hiyo."

"Nani aliwaambia?"

"Kocha Gandy. Siku ya kwanza anatuambia sote."

Roosevelt Gandy alikuwa msaidizi wake tangu mwanzo, na kabla ya hapo mchezaji mwenzake. Siku ile ya 1958 alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile na kifundo kilichoteguka, akaona yote. Hawakuwahi kulizungumza. Lucius alimkuta katika chumba cha vifaa akijaza mipira upepo kwa pampu.

"Rosie. Umewaambia vijana nini juu yangu?"

Gandy alielewa mara moja. "Aa, Lucius. Hadithi tu ya kuwachemsha damu. Nimeitia sukari kidogo."

"Umewaambia Cleo alikufa?"

"Jina lake na tarehe ya kifo viko ukutani, ndugu yangu. Wanajua kusoma."

"Umewaambia alikufa kwa sababu gani?"

Gandy aliweka pampu chini. Alikuwa mtu wa mzaha maisha yake yote, na uso usio na mzaha haukumkaa vizuri. "Usinihubirie mimi," alisema polepole. "Mimi nimesema nusu kwa vijana. Wewe hata robo hujamwambia mama yake. Na Alhamisi unakwenda kupokea jezi."

Miaka thelathini na sita Lucius alidhani amelibeba jambo lile peke yake, kumbe lilikuwa linatembea bila yeye, limevaa nguo nzuri, likipita kutoka kijana hadi kijana kwa jina la Tarver. Ni wangapi walionong'onezwa? Kulikuwa na yule Hosea Crump wa kikosi cha 1979, aliyesahau njia ya nyumbani kwao akiwa na miaka thelathini. Watu walisema ni pombe.

Aligeuka. Cleophus alikuwa mlangoni mwa chumba cha vifaa. Mpaka siku hiyo hakuwahi kumfuata mbali na uwanja.

Jumatano asubuhi Lucius alivaa suti, akaenda kwa Mama Mabry. Alimkuta jikoni akimenya viazi vitamu vilivyochemshwa, mvuke ukimpanda usoni. Alikuwa na miaka sabini na sita, mgongo wima.

"Umekosea siku, Kocha. Pai ni kesho."

"Sikuja kwa pai, Mama Ola. Naomba uketi."

"Watu wakiniambia niketi huwa wananiletea jeneza. Nitasimama. Sema."

Akasema. Alisimulia yote bila kujipunguzia: mikanda, majibu matatu, mkono ulioshikwa katikati ya uwanja, swali la Cleo, kicheko chake mwenyewe. Mama Mabry aliendelea kumenya. Ganda moja refu lilishuka, likakatika. Kisha kisu kikasimama.

"Alikuuliza mnacheza na nani."

"Ndiyo, Mama."

"Baada ya kumaliza kumjibu daktari."

"Ndiyo."

"Na wewe ukajua kwamba hayupo sawa."

"Nilijua."

Aliweka kisu mezani. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na nje mbwa wa jirani alibweka, akachoka, akanyamaza.

"Miaka thelathini na sita," alisema hatimaye, na sauti yake haikupanda, "nimekulisha kwa mkono wangu. Nilikuwa nakutazama ukila, najiambia, hapo ndipo kinapokwenda chakula cha Cleo. Ulikuwa unawezaje kumeza?"

"Sijui, Mama."

"Unajua. Mtu anayemeza hajui?" Alilifunika bakuli kwa kitambaa. "Kesho sitakuja uwanjani. Nikija, watu elfu sita watanikodolea macho wanione nikikusamehe, na bendi itapiga. Sitaki kusukumwa. Kusamehe ni kwangu. Nikipenda nitakupa, nisipopenda nitazikwa nako."

"Nimeelewa."

"Hujamaliza. Wale vijana bado wanalifanya?"

"Nimewaona jana."

"Basi usije kunilia hapa jikoni. Nenda kawaambie wao kama ulivyoniambia mimi. Mwambie na yule mkuu wako wa chuo. Jezi itabaki hapa. Funga mlango, moshi wa kwa jirani unaingia."

Asubuhi ya Alhamisi, katika chumba cha kuvalia, aliwasimamisha vijana hamsini, na Gandy ukutani, akawaambia. Alitaja majibu matatu. Alitaja kicheko. Pickens alianza kulia bila sauti, mabega yake makubwa yakitikisika. Ruffin alisimama, akavua kofia, akasema, "Kocha, tangu Jumanne taa zinanichoma macho. Asubuhi hii nilisahau jina la dada yangu." Bibi Sledge akamchukua, na Ruffin hakucheza siku hiyo wala msimu uliofuata.

Wakati wa mapumziko Dokta Fontaine, aliyekuwa ameambiwa yote asubuhi, alimfuata pembeni mwa uwanja, tabasamu limemganda usoni.

"Tarver, nakusihi. Watu wamelipia viti. Sema asante uketi. Haya mengine tutayazungumza ofisini Jumatatu."

"Dokta, hilo ndilo nililojiambia mwaka wa hamsini na nane."

Akatembea mpaka katikati, akashika kipaza sauti, akawaambia watu elfu sita yale yale aliyoyasema jikoni. Wengine walidhani ni mwanzo wa mahubiri, wakaitika amina, kisha amina zikapungua moja baada ya nyingine. Mtu mmoja juu kabisa alimzomea. Wengi walitazama chini. Katika safu ya tatu Verlene alikuwa amesimama peke yake, mkoba wake ameubana kifuani, akimtazama mumewe kama anayemwona anarudi kutoka safari ndefu na hajui amerudi na nini.

"Jina hili lilikuwa la babu yangu," Lucius alimaliza. "Nililipokea safi. Msiliandike juu ya uwanja huu." Akarudisha kipaza sauti, akaenda benchi lake. Bendi haikupiga.

Pettigrew walishinda kwa alama nne. Mji mzima ulikula bata aliyekauka, na wako waliomlaumu zaidi kwa hilo kuliko kwa lile jingine. Uwanja haukupewa jina. Gandy alistaafu mwaka uliofuata na hakusimulia tena. Horeb walitunga sheria kwamba mchezaji akiwa mbele ya daktari, hakuna mwenzake anayemkaribia kwa hatua kumi, na sheria hiyo ingaliko.

Mama Mabry aliishi miaka miwili zaidi. Hakuleta pai, hakumwita, hakumtukana. Walipokutana kanisani alimtazama sawasawa, kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akapita. Kama alimsamehe, alizikwa nako. Lucius alisimama mbali kaburini, hakuomba kushika jeneza.

Na wale wanaotaka kusikia kwamba baada ya kukiri alipata raha, wakaitafute habari hiyo kwa mtu mwingine. Lucius Tarver mzee bado huenda mazoezini alasiri, hukaa safu ya chini na fimbo yake, na wanaokaa karibu humsikia akimjibu mtu taratibu, akisema kila mara jina la chuo ambacho Horeb itacheza nacho. Huwa anaacha nafasi ya mtu mmoja kushoto kwake, na hakuna anayeikalia.

Basi ninyi mnaokua, wenye nguvu za miguu na haraka ya sifa, tegeni masikio yote mawili. Jina jema la babu zenu halitawakinga na jambo mlilolijua mkalinyamazia. Litalifanya tu liwe zito zaidi. Rafiki yako akikuuliza neno ambalo yeye mwenyewe alipaswa kulijua, usicheke, usimjibu. Mketishe, mwite daktari, na uache pambano lipotee. Shikeni hili, na mlishike leo.